Homoni, steroidi na harufu za wadudu: maswali ninayoulizwa kila siku

Nafundisha tuisheni ya kemia na baiolojia hapa Tabata, kabla ya hapo nilikaa maabara miaka kadhaa, kwa hiyo mtaani wananiita Ticha na wengine Dokta hata kama mi sio dokta. Maswali ni yaleyale, ya wanafunzi, ya mama wa genge, ya vijana wa jimu, ya mjomba wangu mwenye maembe Mkuranga. Nimechoka kurudia nikaona niyaweke mahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Ticha, homoni ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni ujumbe unaosafiri kwenye damu. Tezi inamwaga kiasi kidogo mno, damu inakizungusha mwili mzima, ila kinachoitikia ni zile seli tu zenye kipokezi chake. Kama kondakta wa daladala akiita "Sheli Buguruni wapo?", gari zima limesikia ila anayejibu "shusha" ni anayeshuka hapo, wengine wanaendelea na simu zao. Neno lenyewe alilianzisha Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, kalitoa kwenye Kigiriki likiwa na maana ya kuchochea, na miaka mitatu kabla yeye na mwenzake Bayliss walishaonyesha kwamba utumbo unatuma ujumbe kwa kongosho kupitia damu bila kutumia neva. Insulini ni homoni, adrenalini ni homoni, hizo za uzazi ni sehemu tu ya ukoo.

Steroidi si ndo zile za jimu?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Steroidi ni jina la umbo la kemikali, pete nne za kaboni zilizoungana, tatu zina kaboni sita sita na moja ina tano. Chochote chenye huo mkao ni steroidi. Kolesteroli uliyokatazwa na daktari ni steroidi. Homoni za kike, za kiume, kotisoli ya msongo wa mawazo, zote. Insulini sio, yenyewe ni protini. Zile za jimu ni testosteroni na ndugu zake wa kutengeneza, na nikwambie kitu kimoja maana vijana hamuambiwi na anayewauzia: ubongo unapima testosteroni iliyopo kwenye damu, ukikuta imejaa unaacha kuyaamuru makende yafanye kazi, yanasinyaa, na mbegu zinapungua mpaka wengine zinaisha kabisa kwa muda. Kifua kinaongezeka huku kiwanda kimefungwa.

Ni kweli homoni ya kiume ilitafutwa kwenye mkojo wa polisi?

Kweli kabisa, na hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1931 Mjerumani mmoja anaitwa Adolf Butenandt, kijana wa miaka 28 tu, alikuwa chuo cha Göttingen, akachukua lita kama 15,000 za mkojo wa polisi. Hebu piga picha, simtanki tatu za lita elfu tano tano zimesimama uani kwako na ndani hamna maji. Akazichakata hatua kwa hatua, anatupa huku anabakiza huku, mwisho akapata miligramu 15 za fuwele safi za kitu alichokiita androsteroni. Miligramu 15! Kidonge cha Panadol kina miligramu 500, yaani kikate vipande thelathini na tatu uchukue kimoja, hicho ndo kilichotoka kwenye simtanki tatu.

Sasa swali la maana ambalo mwanafunzi wangu mmoja aliuliza na darasa zima likamcheka, na mi nikawaambia nyamazeni huyu ndo kauliza: alijuaje kwenye kila hatua kwamba homoni imebaki upande huu na hajaimwaga? Maana haina rangi, na hakukuwa na mashine za leo. Jibu ni jogoo. Jogoo akihasiwa upanga wake wa kichwani (sio mtaa wa Upanga jamani) unanywea unakuwa mdogo. Ukimchoma sindano ya mchanganyiko wenye homoni ya kiume upanga unakua tena, na unaweza kuupima kwa rula. Kwa hiyo kila akitenganisha, sehemu hii jogoo huyu, sehemu ile jogoo yule, halafu wanasubiri kuona nani upanga umeota. Kazi yote hii ya homoni ilivyoanza ilikuwa hivyo, unatafuta kitu kidogo usichoweza kukiona kwa hiyo unamtumia mnyama anayeweza.

Androsteroni yenyewe ikaja kuonekana ni masalia, homoni kali zaidi ni testosteroni, hiyo ilitolewa 1935 Amsterdam na kundi la Ernst Laqueur kwenye makende ya ng'ombe dume, kilo 100 zikatoa miligramu 10. Mwaka huohuo Butenandt, na kivyake Leopold Ruzicka kule Zürich, wakaitengeneza kuanzia kolesteroli, na tangu hapo mkojo wa polisi ukapumzika.

Kwa nini mkojo lakini?

Kwa sababu mwili ukimaliza kutumia homoni unaitoa huko, na mkojo unapatikana bure kwa wingi bila kumchinja mtu. Kile kipimo cha mimba unachonunua duka la dawa kwa buku kinafanya kazi kwa akili hiyohiyo, kinanusa homoni ya kondo la nyuma kwenye mkojo. Zamani, miaka ya mwisho ya 1920, Berlin walikuwa wanamchoma panya mkojo wa mama, halafu wanampasua kuangalia ovari zake. Baadaye ikaja akili nyingine, chura wa Afrika Kusini, unamchoma mkojo na kama mama ana mimba chura anataga mayai ndani ya saa chache, na huyo chura anaishi anatumika tena. Kwa hiyo ukilalamika kijiti kimechelewa dakika tano kumbuka kuna watu walisubiri chura atage.

Ni huyohuyo Butenandt aliyekataa Nobeli?

Alikataa kwa kulazimishwa. Alipewa ya kemia 1939 pamoja na Ruzicka, lakini Hitler alishapiga marufuku Wajerumani kupokea Nobeli baada ya ya amani kupewa mtu aliyekuwa mfungwa wake, Carl von Ossietzky. Medali na cheti akaja kuvipata 1949 vita vimeisha. Ila tusimfanye malaika, alijiunga na chama cha Nazi 1936, mwaka aliochukua ukurugenzi wa taasisi kubwa ya biokemia Berlin. Sayansi yake naifundisha kwa moyo wote, na hiki nakisema pia darasani.

P2 ni nini hasa, na ni kweli inatoa mimba?

Haitoi, ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo. Ndani kuna levonojestreli, steroidi ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai lishatoka na mimba ishajishika, P2 haiiondoi. Ndo maana wanasema meza mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, na kila saa unayokaa unajipunguzia nafasi. Na sio ya kumeza kila wikiendi kama pipi, kwa mambo ya kila wiki kuna sindano, vijiti, vidonge vya kila siku, nenda kituo cha afya ukae na nesi.

Ila ngoja niwape hesabu. Projesteroni halisi ilipatikana safi mwaka 1934, maabara kadhaa kwa wakati mmoja, na Butenandt alikuwemo tena. Yeye alitumia ovari za nguruwe jike kama 50,000 akapata miligramu 20. Dozi nzima ya P2 ni miligramu moja na nusu. Yaani nguruwe elfu hamsini ni sawa na dozi kumi na tatu hivi kwa uzito, ile boksi ya kaunta tu. Kilichobadilisha hali ni Mmarekani Russell Marker, miaka ya 1940 akaenda Meksiko akakuta viazi vikuu vya mwituni vina kemikali yenye zile pete nne tayari, akaigeuza kuwa projesteroni, na kufika 1943 alikuwa na kama kilo mbili mkononi, kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Nimesikia mkonge wa Tanga nao ulihusika, ni kweli au ni uzalendo tu?

Ni kweli, na inaniuma ni wachache wanaojua. Jani la mkonge likikamuliwa nyuzi, kinachobaki ni ule uji wa kijani unaowasha ngozi na kunuka, sehemu kubwa ya jani inatupwa hivyo. Ndani yake kuna hekojenini, nayo ina umbo la steroidi. Miaka ya 1950, kotisoni ikiwa dawa inayotafutwa dunia nzima baada ya kuonekana inawainua wagonjwa wa baridi yabisi, wanasayansi wa Uingereza wakageukia mkonge wa Afrika Mashariki kama malighafi ya kuitengenezea. Sisi tukajulikana kwa kamba na magunia, kumbe takataka ya shambani ilikuwa na mali. Nikipita Korogwe kwenye basi nikiona yale mashamba naangalia tofauti kabisa.

Krimu za kung'arisha zina steroidi? Mbona zinafanya kazi vizuri?

Nyingi za magendo zinazo, klobetasoli au betamethasoni, na zinafanya kazi vizuri ndo ubaya wake. Ni dawa halali kabisa za ugonjwa wa ngozi, daktari anakuandikia upake kidogo, klobetasoli isizidi wiki mbili mfululizo. Sasa dada anapaka mwili mzima asubuhi na jioni miezi minane.

Angalia tyubu ya gramu 30 imeandikwa asilimia 0.05. Piga hesabu, ni miligramu 15 za dawa. Zile zile 15 za simtanki tatu! Watu wakisikia "asilimia sifuri nukta sifuri tano" wanaona ni maji, lakini homoni haipimwi kwa wingi, ni kitu ambacho mwili ulizoea kukitumia kwa chembe. Kwa hiyo ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, michirizi kwenye mapaja na mikono, chunusi, fangasi zinajificha chini yake, na ikipakwa eneo kubwa inapenya kwenye damu, tezi zilizo juu ya figo zinaona kotisoli ishajaa zinaacha kutengeneza. Ile kesi ya makende ya jimu imejirudia kwa sura nyingine. Jirani yangu mmoja alikuwa na kopo lisilo na lebo hata moja, limechanganywa dukani na kijiko cha plastiki mbele ya macho yake, alinionyesha magoti na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi vilevile huku kwingine kumekuwa kwekundu kama kuungua. Aliponiuliza aache leo leo nikamwambia usiache kwa hasira, nenda kwa daktari wa ngozi, maana ukikata ghafla uso unaweza kulipuka.

Kuku wa kisasa wanachomwa homoni?

Hapana jamani, hili nalo. Homoni ya ukuaji ni protini, ukiweka kwenye chakula inameng'enywa kama dagaa, ingebidi umchome kila kuku sindano mara kwa mara, mwenye banda la kuku elfu mbili pale Chanika anatoa wapi muda huo na kuku anauzwa bei gani? Anakua kwa wiki tano sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, na chakula. Wasiwasi wako upeleke kwenye antibayotiki, wanaopewa leo na kuchinjwa kesho bila kusubiri dawa itoke mwilini.

Na feromoni? Ni homoni ya wadudu?

Karibu, ila tofauti ni kubwa. Homoni inabaki ndani ya mwili wako, feromoni inatoka nje inaenda kwa mwenzako wa jamii moja na inambadilisha tabia. Neno lilitungwa 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher, na mwaka huohuo ndo ikatangazwa feromoni ya kwanza kujulikana kikemia, na kiongozi wa kazi ni nani? Butenandt tena, miaka ishirini hivi tangu aanze.

Ni ya nondo wa hariri. Jike anakaa tu ametulia, anatoa vitezi viwili vya njano nyuma ya tumbo, na dume aliye mbali anaanza kuchachawa. Wakakusanya majike nusu milioni, wakawakata ncha za matumbo, wakatengeneza mchuzi, wakaanza kutenganisha. Na kipimo? Dume mwenyewe. Unachovya kijiti cha kioo, unakisogeza karibu na dume, ana mapembe kama vitana viwili vidogo, kama hamna kitu anakaa kimya kama gogo, kama kipo mabawa yanaanza kutetemeka vrrrr na anazunguka zunguka pale pale mezani, maana huyu wa kufugwa hata kuruka hawezi. Mapanga ya jogoo na mabawa ya nondo, akili ileile. Mwisho wakabaki na miligramu chache tu, wakaiita bombikoli, ni alkoholi ya kaboni 16. Baadaye watafiti wakaonyesha molekyuli moja tu inatosha kuamsha seli moja ya pembe la dume. Moja. Mi hiyo huwa nairudia mara mbili darasani.

Wadudu wana steroidi zao?

Wanayo, ekdisoni, ndo inayomwambia kiwavi sasa vua ngozi. Butenandt na Karlson waliipata 1954, nusu tani ya mabuu bwete wa hariri ikatoa miligramu 25. La kuchekesha ni kwamba mdudu hawezi kutengeneza kolesteroli mwenyewe, lazima aile.

Kuna na homoni ya pili ya utoto, ikiwepo nyingi mdudu akivua ngozi anabaki mtoto mkubwa badala ya kuwa mtu mzima. Hapa kuna kisa kizuri. Karel Sláma alitoka Chekoslovakia na kunguni zake wekundu (sio wa kitandani) akaenda Harvard kwa Carroll Williams, kule wadudu wakagoma kukomaa, wanakua tu wanakufa. Wakatafuta wee, kumbe ni karatasi ya kujifutia mikono waliyowekewa kwenye vyombo! Wakajaribu magazeti, ya Marekani yanawazuia, ya London hayana shida, kwa sababu karatasi ya Marekani ilitokana na mti unaotengeneza kitu kinachoiga hiyo homoni, mti unajilinda. Hiyo ilikuwa 1965. Leo dawa za ukoo huo, kama pairiproksifeni, zimewekwa hata kwenye neti zikajaribiwa Misungwi kule Mwanza, lengo ni mbu jike akigusa asizae, ingawa kwenye jaribio hilo neti iliyong'ara ilikuwa ya dawa nyingine.

Kwa nini ukiua nyuki mmoja wanakuja wote?

Kwa sababu umefungua chupa ya feromoni ya hatari. Sehemu kubwa yake ni isoamili asetati, harufu ya ndizi mbivu, na sio kwa mfano, ni harufu hiyohiyo. Nilikuwa Kimara kwenye ukuta wenye mzinga ndani, fundi mmoja kamponda nyuki shingoni kwa kiganja, mi niko karibu nikasikia kabisa kama mtu kamenya ndizi, nikasema tukimbie, yeye akabaki anauliza ndizi iko wapi. Alitolewa miiba kumi na kitu. Ukidungwa kwangua mwiba haraka uondoke hapo, usisimame kupigana. Moshi wa mrina asali unasaidia kwa sababu unawaharibia kunusa hiyo taarifa.

Pafyumu ya feromoni ya mvuto inauzwa Kariakoo, ninunue?

Kama inanukia vizuri nunua kama pafyumu. Feromoni ya binadamu iliyothibitishwa hadi leo haipo. Nguruwe dume anayo, kwenye mate yake, na nguruwe jike aliye tayari anasimama tuli akiinusa. Hiyo ndo mara nyingi wanayokuuzia, au ndugu yake.

Mitego ya harufu kwenye maembe inamaliza nzi?

Swali la mjomba hili. Nzi wa matunda anayemsumbua ametoka Asia, Kenya walimgundua 2003 na sisi hatukuchelewa. Mtego ni chupa ya maji iliyotobolewa matundu, ndani pamba yenye methili eujenoli na sumu kidogo. Hiyo sio feromoni yenyewe, ni harufu ya mimea, hata baadhi ya mirehani inayo, ila dume anaipenda vibaya kwa sababu akiila anaigeuza mwilini kuwa harufu ya kumvutia jike. Yaani anakuja kununua pafyumu anakufa dukani.

Kwa hiyo kama unategemea chupa tatu kwenye miti arobaini sahau, dume mmoja akiponyoka anapanda majike wengi. Inabidi mitego iwe mingi, majirani nao waweke, na maembe yaliyodondoka uyaokote uyafukie au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani, maana mabuu yako humo. Kwa kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya, ni hivyo hivyo, mtego wake wa feromoni unakuonyesha tu kwamba ameshafika na ni wengi kiasi gani, shamba zima hauliponyi peke yake.

Jumamosi iliyopita tulimwaga chupa moja kwenye gazeti chini ya mwembe tukahesabu, tumefika mia mbili na kitu tukachoka, dume watupu. Mke wa mjomba kasimama na beseni lake la maembe anauliza, sasa majike yenyewe yako wapi? Nikamwonyesha beseni.